Nilivyochunga ng'ombe wa mkwe mwezi mzima kuthibitisha kwamba sina malale

Wakuu, mwangaluka. Wadogo zangu wote shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Kama humu kuna aliyenizidi umri, basi shikamoo yake na yeye.

Juzi kijana mmoja kaleta uzi hapa kuhusu antioxidant na saa ya mwili. Mkabishana kurasa nne. Wengine mkaanza kutajiana vidonge vya kununua. Nilisoma yote kwa miwani ya mke wangu, nikaona hapana, hili jambo mimi nalijua. Sikulisoma popote, lilinipata mwilini.

Ninayoandika yalinikuta mwenyewe. Mke wangu amekaa hapa pembeni anachambua mchele, nikiongeza chumvi atanikatiza. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo msinisumbue na mambo ya nukta na koma.

Mwaka 1991, nikiwa na miaka kumi na tisa, ndipo shida zilipoanza.

Baba alifariki, na ndani ya msimu mmoja ng'ombe wake tisa wakamfuata kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Shule nilikuwa nimeishia darasa la nne, maana mwalimu na mimi tulichokana kwa pamoja. Kwetu ni upande wa Mhunze. Nikabeba blanketi na sururu, nikaenda Masumbwe kuchimba dhahabu. Siku hizo Masumbwe ilikuwa bado mkoa wa Shinyanga, msije kunisahihisha.

Duara, kwa msiojua, ni shimo la kuchimbia. Unashuka kwa kamba, unatia miguu kwenye vitobo vya ukutani, na unaomba wa juu yako asiangushe tochi.

Kulikuwa na shifti ya mchana na ya usiku. Mimi nikachagua usiku. Shimoni usiku kulikuwa na ubaridi kidogo, halafu mwenye duara alikuwa anawapa watu wa usiku mfuko mmoja zaidi wa mawe ya dhahabu. Nikajiona nimewazidi wote akili.

Miaka miwili na nusu, jua la asubuhi nililiona nikielekea kulala tu.

Sasa sikilizeni chakula chetu. Katikati ya usiku tunapanda juu, tunakula ugali wa sembe na dagaa waliokaangwa kwa mafuta yaliyochoka, na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Asubuhi tunapiga gongo ili kufunga macho. Jioni kahawa na sigara ili kuyafungua. Mwili ukawa kama mlango wa kilabu.

Mboga za majani hatukula. Zilikuwepo, ila zilikuwa mwiko.

Mwiko wenyewe ulianzia kwenye mlenda. Mchimbaji akila mlenda dhahabu inateleza. Inahama kwenye mwamba wako, inakwenda kwa jirani. Mtu mzima mwenye ndevu alikuwa anakueleza hivyo bila kucheka, na wewe unatikisa kichwa. Mlenda ulipopigwa marufuku, majani yote yakaunganishwa kwenye kesi hiyo hiyo: mchicha, kisamvu, nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa. Kuna mama lishe mmoja alijaribu kutupikia mchicha. Tulimhamisha banda.

Kuoga nako kulikuwa na masharti yake, lakini hilo siliendelezi, mke wangu anachungulia.

Mwaka wa pili mwili ukaanza kudai. Fizi zikawa zinatoka damu. Kidonda kidogo cha mguuni kilikaa miezi, kikawa kama mpangaji. Mchana nikilala kwenye turubai, joto linanipika, nageuka tu kama andazi. Siku za mapumziko, usiku macho kodo. Lakini niweke kwenye kiti mchana, nipe bakuli la uji, nitasinzia kabla sijalimaliza.

Rafiki yangu wa shifti, Shija, akanipa jina la Popo. Na yeye alikuwa popo vilevile, ila hakuwa na kioo.

Pamoja na hayo nilipata. Sikupata sana, ila nilipata. Kila nikipata nampelekea mjomba wangu Luhende, ananunua ng'ombe. Mwanzoni mwa 1994 walifika kumi na wanne. Nikasema sasa naoa.

Minza nilimwona siku ya mnada pale Mhunze, anauza karanga. Nikanunua karanga mara tano siku moja. Mara ya tano akaniambia, "Kaka, sema tu unachotaka, tumbo lako litaharibika." Nikasema. Hakukataa.

Mjomba akaenda kwao, mazungumzo yakapita vizuri, tukapangiwa siku ya kupeleka ng'ombe.

Siku ya kupeleka mahari bwana harusi hana kazi nyingi. Wazee wanaongea, wazee wanakagua ng'ombe, wewe unakaa pembeni kimya na kuonekana mzima. Kazi yangu siku ile ilikuwa hiyo moja tu, kuonekana mzima.

Nilikuwa nimetoka Masumbwe kwenye shifti, nikapanda gari mpaka Shinyanga, nikaunga mpaka Mhunze, nikafika kesho yake asubuhi. Saa nne jua limeshapanda, wazee wako zizini wanabishana kama ndama wangu mmoja ni ng'ombe au ni mbuzi. Mimi nikajiegemeza kwenye dume langu moja jekundu.

Dume likasogea.

Nilipozinduka nilikuwa kifudifudi kwenye samadi mbichi, wazee wamenizunguka.

"Amekufa?" mmoja akauliza.

"Anakoroma," mjomba akajibu kwa sauti ya kunitetea. "Mfu hakoromi."

Baba yake Minza, Mzee Ng'wandu, akachuchumaa. Akanifunua kope kwa kidole gumba kama anakagua mnyama wa mnadani.

"Luhende, mpwa wako anatoka wapi?"

"Masumbwe, machimboni."

"Kule kwenye mapori?"

"Kuelekea huko."

"Mchana analala hivi. Usiku je?"

Mjomba wangu tatizo lake ni ukweli. "Usiku halali kabisa, kaka. Ndiyo kazi yake."

Mzee akasimama, akapangusa kidole kwenye shuka lake. "Hii ni malale. Rudisheni ng'ombe wenu."

Malale ni ugonjwa wa mbung'o. Anakuuma porini, baadaye unaanza kusinzia mchana, usiku unakaa macho, akili inapotea taratibu mpaka unakufa. Na Mzee hakuwa anatafuta kisingizio. Kaka yake mkubwa alikwenda mapori ya magharibi kurina asali, akarudi na hali hiyo hiyo. Usiku alikuwa akizunguka zizi, mchana anaanguka. Mzee ndiye aliyemchimbia kaburi. Hapo mimi sina mzaha.

Lakini mimi nilikuwa na samadi usoni na mchumba wangu amechungulia kwenye ukuta wa matete. Nikaapa nitathibitisha.

Nikaenda zahanati. Tabibu akanitoboa kidole, akaangalia damu kwa hadubini, akaniuliza nalalaje, nakulaje, nakunywaje. Nikamweleza kwa fahari. Akasema, "Vimelea sioni. Ulichonacho ni maisha mabaya. Kula mboga, lala usiku."

"Dawa yake?"

"Ndiyo hiyo nimekutajia."

Nikatoka nimekasirika. Nimetembea kilomita zote zile nikitegemea sindano, mtu ananiagiza mchicha.

Akaniandikia karatasi. Nikaipeleka kwa Mzee. Akaishika juu chini, akaigeuza, akanirudishia.

"Karatasi inasema huna. Macho yako yanasema unayo. Sasa karatasi haikuanguka samadini. Macho yako ndiyo niliyoyakuta pale."

Kisha akatoa sharti, na hili ndilo lililoniokoa, ingawa siku ile nililiona uonevu.

"Mwenye malale hawezi kuchunga. Utakaa hapa, utachunga ng'ombe wangu kuanzia mwezi huu ulioandama mpaka uandame mwingine. Mchana akipotea hata ndama, nenda. Usiku nikikukuta unazunguka kama kaka yangu, nenda. Ukimaliza salama, nitapokea ng'ombe wako. Ukishindwa, kuna karani wa pamba anauliza habari za Minza, na ana baiskeli yenye taa."

Basi nikakaa. Mimi, mchimbaji mwenye ng'ombe kumi na wanne, nachunga wa watu na fimbo mkononi.

Siku ya kwanza nilisinzia nikitembea. Siku ya pili nilisinzia nimesimama, nikaamshwa na ulimi wa ng'ombe sikioni. Siku ya tatu nikamtuma mjomba mjini Shinyanga akaninunulie saa ya kengele.

Alinunua kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la saa na redio, ambaye Kisukuma chake kilikuwa kinanyooka kuliko changu. Mjomba alipomweleza shida, yule mzee akafunga saa kwenye gazeti akasema, "Mwambie hii inamwamsha mtu. Inayomlaza mtu sina." Tukacheka. Nimekuja kuyaelewa maneno hayo nina mvi.

Saa yenyewe ilikuwa na kengele mbili kichwani kama masikio. Nikaifunga kamba, nikaivaa shingoni ndani ya shati. Naitega, inalia, naitega tena. Siku ya nne nikawa macho kutwa nzima. Nikajiona daktari.

Siku ya tano nikakaa juu ya kichuguu. Ng'ombe thelathini na moja wa Mzee wanakula taratibu, pembeni yao kuna ngitili ya kijiji. Ngitili ni malisho yanayofungwa masika yote, nyasi zinatunzwa mpaka kiangazi. Kuingiza mnyama mle kabla ya wakati ni kesi ya sungusungu, walinzi wa kijiji.

Nikasinzia. Saa ikalia.

Wakuu, ng'ombe hajazoea kengele inayotoka kifuani kwa mtu. Waliinua mikia wote thelathini na moja kama wameambiana, wakavunja uzio wa minyaa, wakazama ndani ya ngitili. Mimi nyuma yao nakimbia, na saa imekwama, inalia haiachi. Kadiri ninavyowakaribia niwarudishe ndivyo wanavyokimbia. Filimbi za sungusungu zikaanza kujibu. Kila nyumba ikadhani kuna wizi.

Kamanda wao akafika na upinde, anahema. "Nani anapiga kengele?"

"Ni kifua chake, kamanda," kijana mmoja akasema.

"Kifua?"

Nikafungua shati. Kamanda akaitazama ile saa inavyotetemeka kitovuni kwangu, akaniuliza kwa upole kabisa, "Ndugu, wewe unaumwa nini?"

Faini ilikuwa mbuzi mmoja na kushona uzio nilioubomoa. Mzee Ng'wandu akaja, akapita katikati ya ng'ombe wake, akawagusa mmoja mmoja. Wote walikuwepo.

"Hakuna aliyepotea," akasema. "Una bahati. Lakini hii sauti inabaki kwangu." Akanyoosha mkono, nikamvulia saa.

Jioni ile Minza akapita mbali kidogo na ndoo kichwani. Hatukuruhusiwa kuongea, kwa hiyo aliongea akiangalia mbele kama anaimba: "Masanja, usilale mchana. Yule karani ananuka mafuta ya baiskeli."

Wakuu, nililia kidogo.

Sasa pale nyumbani kulikuwa na mama yake Mzee, Bibi Holo. Mama mkwe hatukuwa tunaonana, kwa adabu za kwetu akiniona anapitia nyuma ya nyumba. Lakini bibi wa mchumba wako ni mtani wako, anakuita mume na anakusema anavyotaka. Yeye ndiye aliyekuwa ananiletea chakula, na kwa siku tano alikuwa ameona sahani inavyorudi. Ugali umekwisha, majani yamebaki.

"Mume wangu," akaniambia, "unakula au unachambua kura?"

"Bibi, sisi wachimbaji mlenda hatuli."

"Una nini mlenda?"

"Dhahabu inateleza."

Akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Hiyo dhahabu ambayo haijateleza umeiweka wapi? Maana shati lako lina tundu."

Nikaliziba tundu kwa kiganja. Akakaa chini mbele yangu, akaacha utani. Akasema, "Yule mwanangu wa kwanza nilimpikia hivi hivi. Nilimtoa juani, nikamlaza mapema, hakupona. Wewe ukila na usingizi ukarudi mahali pake, basi si ugonjwa ule. Sikulishi kwa kukupenda. Na mimi nataka kujua."

Nikala mlenda. Niliumeza nimefumba macho kama nakunywa kwinini. Niliisikia dhahabu yote ya Masumbwe ikiteleza kooni.

Kuanzia hapo bibi akanishika. Alfajiri jua likichomoza linikute nje, uso wazi, bila shuka kichwani. Asubuhi matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, pamoja na mtindi. Mchana nakwenda na mapera mfukoni na kibuyu cha maji ya ukwaju, makali mpaka sikio linacheza. Jioni mapema ugali wa mtama na mlenda, au nsansa ya karanga. Jua likizama chungu kinafunikwa. Sigara zangu alizitia motoni mbele yangu. Gongo alininusa kila jioni kama mbwa wa polisi.

"Bibi, hata kahawa?"

"Kahawa kunywa asubuhi. Jioni unataka uende wapi?"

Wiki ya kwanza ilikuwa mateso. Kichwa kinagonga, mikono inatetemeka. Mchana nilikuwa nachunga nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo ili nikisinzia nianguke niamke. Usiku ndiyo kabisa, macho kodo. Na kila usiku nasikia fimbo ya Mzee nje ikigusa ardhi, tk, tk, anakuja kusikiliza. Nikiisikia tu naanza kukoroma kwa nguvu.

Asubuhi ya tatu bibi akaniambia, "Unakoroma kama mtu anayewasha pikipiki mbovu. Mwanangu si mjinga, ila anakuhesabia siku."

Wiki ya pili fizi zikaacha damu. Kidonda cha mguu kikaanza kufunga chenyewe bila kuambiwa. Nikagundua napiga miayo jioni. Miayo ya jioni! Nilikuwa nimesahau kwamba ipo.

Halafu siku ya kumi na tisa nikalala. Nililala kweli, wala sikuwa nimezimika kama zamani. Niliweka kichwa chini, nikakiinua jogoo anawika, katikati hapakuwa na kitu. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua kama mtu aliyesamehewa kifungo.

Na siku hiyo hiyo ndiyo aliyochagua Shija kuja.

Alikuja mchana na baiskeli ya kukodi, vumbi mpaka kope. Mimi nimekaa na bibi, nakula.

"Popo! Duara limetema! Tumekutana na mkanda wa dhahabu, mnene kama mkono wangu. Mgao ni keshokutwa, asiyekuwepo hana lake." Kisha akaona sahani. Akarudi nyuma hatua mbili. "Masanja. Unakula nini hicho?"

"Mlenda."

"Unakula mlenda wakati sisi tuko kwenye mkanda?"

"Karibu," bibi akamwambia, "mwingine upo."

Shija akamwangalia bibi kama anaangalia jini. "Tema," akaniambia. "Tema upande baiskeli twende. Utaoa wanne ukitoka huko."

Wakuu, msidhani niliamua haraka. Miaka miwili na nusu nimeishi shimoni kwa ajili ya mkanda ule. Niliangalia baiskeli. Niliangalia zizi. Zimebaki siku kumi, nikiondoka Mzee hahitaji ushahidi mwingine. Kuna watu wanasema nilibaki kwa mapenzi. Mapenzi yalikuwepo, ndiyo. Lakini nitawaambia ukweli mke wangu asikie: nilibaki kwa sababu usiku wa jana yake nilikuwa nimelala. Mtu ambaye hajawahi kuukosa usingizi hawezi kuelewa hapo.

"Nenda, Shija. Sehemu yangu gawaneni."

Akapanda baiskeli anasonya. Alipofika mbali akapiga kelele, "Kama mkanda ukipotea ni wewe!"

Mkanda haukupotea, nawaambia mapema msinihurumie bure. Walipata kweli. Sikuona hata punje. Uliniuma miaka mingi, na bado mvua ikinyesha unauma kidogo.

Jioni ya mwisho mwezi ukaandama, mwembamba kama ukucha. Mjomba Luhende alikuwa amekuja kusikia hukumu. Tukakaa wanaume pale shikome, moto wa wanaume wa jioni. Jua ndiyo kwanza limezama, chakula chetu kimechelewa kidogo, bakuli langu la mlenda liko mapajani.

Mzee akaanza kusimulia habari za kaka yake. Alikuwa hajawahi kunisimulia mwenyewe. Alianza na siku walipoagana na ile mizinga ya asali, akaendelea taratibu, na mimi nasikiliza kwa heshima zote, naitikia, naitikia...

Yaliyofuata nimesimuliwa na mjomba.

Anasema niliitikia mara ya mwisho, nikapiga mwayo, nikainama taratibu mpaka uso wote ukaingia kwenye bakuli la mlenda. Halafu mapovu mawili yakatoka pembeni ya bakuli.

Mjomba akashika kichwa. "Basi," akasema, "tumekwisha."

Mzee alikuwa ameshanifikia. Alininyanyua kwa nywele nisizame, akanipangusa pua kwa shuka lake mwenyewe, akanisikiliza. Nilikuwa nakoroma, mkoromo wa kweli.

"Luhende, kuku wamelala saa ngapi?"

"Wameingia sasa hivi tu, kaka."

"Na huyu?"

"Sasa hivi tu."

Mzee akanilaza ubavu, akanifunika, akasogeza kuni motoni. Kisha akasema, "Kaka yangu saa hizi ndiyo alikuwa anaamka." Akaita ndani, "Mama! Amelala na kuku!"

Mjomba anasema bibi alipiga vigelegele mpaka kuku wote wakaamka.

Asubuhi ng'ombe wangu waliingia zizini kwa Mzee. Nilisimama pembeni, kimya, nikionekana mzima. Mwisho wa habari ya kaka yake alinisimulia tena baadaye, mchana, nikiwa macho.

Sasa turudi kwenye uzi wenu.

Binti yangu wa kwanza, Holo, amesomea mambo ya lishe. Amenieleza hivi, nami nawapa kama nilivyoelewa kwa darasa la nne langu. Mwili ukifanya kazi unatoa kama kutu. Antioxidant ndizo zinazozuia na kusafisha kutu hiyo. Nyingine mwili unatengeneza wenyewe, nyingine zinatoka kwenye majani, matunda makali na vyakula vya rangi. Na usafi huo una ratiba, unafuata saa iliyo ndani ya mwili, na saa hiyo inategwa na jua la asubuhi, giza la usiku na muda wa kula. Ukigeuza usiku kuwa mchana, msafishaji hajui aje saa ngapi. Kutu ikizidi, na saa yenyewe inazidi kupotea. Mambo hayo mawili yanaharibiana na yanatengenezana.

Nikamuuliza, basi ni mlenda ulioniponya? Akasema, "Baba, huwezi kusema ni mlenda peke yake. Uliacha gongo, uliacha sigara, ulipata jua, ulilala gizani, ulikula kwa wakati. Yote kwa pamoja." Amesoma, nimemwachia. Lakini mlenda naula.

Na kwa wanaosinzia mchana huku wametoka kwenye mapori ya mbung'o: nendeni mkapimwe damu kwanza. Mimi nilikuwa na bahati yangu. Kaka yake Mzee hakuwa nayo.

Kwa vijana mnaokesha na simu, na mnaofanya kazi za usiku kwa lazima: kazi ni kazi, siidharau, mimi mwenyewe nimeifanya. Ila usile hovyo kwa sababu umekesha, pata giza la kweli mchana unapolala, na siku yako ya mapumziko liangalie jua la asubuhi. Saa ya kukuamsha utaipata dukani. Ya kukulaza lazima uitengeneze mwenyewe.

Mimi machimboni sikurudi kushuka tena. Nilianza na pamba, nikaenda mpunga, nikaenda mashine. Leo hii nina:

Nyumba mbili Ngokolo, moja nakaa, moja nimepangisha.
Mashine ya kukoboa mpunga Mhunze.
Trekta moja, na waliosoma wananiazima.
Ng'ombe themanini na sita, na ngitili yangu mwenyewe.
Watoto watano, wajukuu tisa.
Meno yangu yote kasoro mawili.
Mke mmoja, Minza, yule yule wa karanga.
Saa moja ya kengele yenye masikio mawili. Mzee Ng'wandu alinirudishia siku Holo alipozaliwa, akaniambia, "Chukua, sasa una kengele nyingine." Haifanyi kazi tangu siku ya ngitili. Siiuzi.

Haya, wenye kubisha bisheni, wenye shuhuda za shifti leteni, na wewe uliyesema mlenda ni chakula cha maskini njoo hapa tuoneshane meno. Majibu mtayapata asubuhi. Saa hizi inakaribia saa tatu usiku, kuku wameshaingia, kope zangu zimekuwa nzito, na Minza ameshazima ta...